Maji Yaliyotuama Uani: Kutoka Bonde la But-han Hadi Majengo ya Gisenyi



Ndugu wasomaji, katika makala zetu za historia tumezoea kuzungumzia makhalifa, vita na wanazuoni. Safari hii tunazungumzia dimbwi. Tena si dimbwi la mbali, ni lile lililokuwa uani kwetu hapa Gisenyi, nyuma ya jiko, hatua chache kutoka darasa wanalosomea watoto wenu Juzuu Amma.

Wanaoijua Gisenyi wanajua kwamba mvua ya hapa haina mchezo. Mji uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake ardhi inapanda kuelekea vilimani na kwenye milima ya volkeno. Maji yanayonyesha huko juu yana safari moja tu, kushuka ziwani, na sisi tuliojenga katikati tumekaa njiani mwake. Masika ya mwaka 2024 maji yalisimama uani kwetu karibu wiki tatu. Mwanzo tuliweka matofali ya kukanyagia ili watu wafike chooni bila kulowa. Baadaye maji yakabadilika rangi, yakafanya utando wa kijani, na ikifika magharibi mbu wanasikika kuliko wanafunzi. Watoto watatu wa nyumba zinazouzunguka ua ule waliugua homa wakifuatana. Mmoja wao, binti wa miaka minne, mhudumu wa afya wa mtaa alimpima akakuta malaria, na usiku uleule ikabidi akimbizwe hospitali akiwa anaweweseka. Alhamdulillah alipona. Lakini siku zile nne hakuna aliyesoma wala kusomesha kwa moyo uliotulia.

Tukafanya wanalofanya watu wengi: tukamlaumu jirani. Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa amejenga ukuta wa mawe meusi ya volkeno, ukuta mzuri kwa kweli, na sisi tukawa na hakika kwamba ukuta huo ndio ulioziba njia ya maji. Tukampelekea ujumbe. Akajibu kwamba maji yametoka kwetu na si wajibu wake kuyapokea. Salamu zikaanza kupungua. Wakati tukiwa katika hali hiyo ndipo tulipoona haya kidogo, kwa sababu jambo hili hili tunalisomesha darasani kila mwaka bila kulitazama vizuri.

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, na habari yake imo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba walipohamia Madina waliikuta ni nchi yenye maradhi kuliko nyingine, na bonde la But-han lilikuwa likipita maji yaliyochacha na kubadilika. Baba yake, Abubakar Siddiq (R.A.), alishikwa na homa, na Bilal (R.A.) naye akashikwa, akawa katika homa yake anaikumbuka Makka na milima yake. Mtume (S.A.W.) akawaombea Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina na aiondoe homa yake. Wanafunzi wengi wanaijua dua hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba msimulizi ametaja homa na maji mabaya ya bondeni katika habari moja.

Watu wa zama zile hawakujua habari za mbu. Waligundua tu kwamba penye maji yaliyolala pana homa. Waganga wa Kiyunani walikuwa wameandika karne nyingi kabla ya hapo kwamba wanaokunywa maji ya vinamasi huvimba wengu, na Ibn Sina naye akaliandika hilo katika Qanuni yake. Wengu kuvimba ni dalili ya malaria iliyomkalia mtu muda mrefu. Waliona alama, hawakumwona aliyeiacha.

Huko Hijazi yaliyowasumbua watu zaidi ni mafuriko. Makka imelala bondeni, na mvua ikinyesha milimani maji hushuka yakaingia Msikiti Mtukufu. Mwaka wa 17 Hijiria, sawa na 638, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), kulikuja mafuriko yaliyoitwa ya Ummu Nahshal, kwa jina la mwanamke aliyechukuliwa na maji hayo akafa. Yaling'oa Maqamu Ibrahim yakaisukuma mbali na mahali pake. Umar alitoka Madina akaja mwenyewe. Akauliza ni nani anayejua kwa yakini jiwe lilikuwa wapi. Akasimama Al-Muttalib bin Abi Wada'a akasema anajua, kwa sababu siku nyingi alihofia kwamba jambo kama hilo litatokea, akapima kwa kamba kutoka Maqamu hadi Rukni, hadi mlango wa Hijri na hadi Zamzam, na kamba hiyo ameiweka nyumbani. Ikaletwa, wakapima, jiwe likarudi mahali pake. Kisha Umar akaamuru kujengwa ukingo wa mawe makubwa upande wa juu wa Makka ili maji yapite pembeni.

Tunapenda sana kisa cha kamba ile. Mtu mmoja katika mji mzima alifikiri mapema, akapima, akaweka.

Madina nayo ilikuwa na bonde lililoitwa Mahzur ambalo likijaa huutisha mji. Sayyidna Uthman (R.A.) alijenga ukingo wa kulizuia. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka wa 156 Hijiria (773), wakati wa Abu Ja'far al-Mansur, Mahzur ilijaa tena, watu wakahofia Msikiti wa Mtume (S.A.W.) na kaburi lake. Wakatoka baada ya alasiri, hawajui wachimbe wapi. Al-Baladhuri ameandika kwamba aliyewaonyesha ni bibi kizee mmoja wa upande wa Aliya. Alikuwa akiwasikia watu wa zamani wakisema kuwa pana mahali fulani, maji yakizidi pabomolewe. Wakachimba alipoonyesha, wakaikuta njia ya maji ya kale, na maji yakatoka kuelekea But-han. Gavana alikuwepo, wakubwa walikuwepo, lakini ujuzi ulikuwa kwa ajuza ambaye hata jina lake halikuandikwa.

Mafaqihi walilitazama suala hili kwa upande mwingine, upande wa haki za majirani. Kitabu cha Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis aliyefariki mwaka wa 734 Hijiria (1334) na ambaye makadhi walikuwa wakimtuma kukagua nyumba zenye ugomvi, kimejaa mambo haya: mabomba ya paa yanayomwaga kwa mwenzio, mitaro inayopita chini ya nyumba ya mtu mwingine, na nani alipe ikiziba. Msomaji akifungua kitabu hicho atadhani kinasimulia mtaa wake. Karne nyingi baadaye, katika Majalla, sheria iliyokusanywa na dola ya Uthmaniyya kati ya 1869 na 1876, haki ya kupitisha maji ilipewa jina lake, haki ya masili, ikahesabiwa pamoja na haki ya njia. Njia ya maji ikiwa ni ya kale huachwa kama ilivyo, na mwenye nyumba ya chini hana ruhusa ya kuiziba. Lakini ikiwa inaleta madhara ya wazi, ukale haumkingi mwenye nayo, kwa kuwa madhara hayapati haki kwa kuzeeka.

Tulipofika hapo katika kusoma tulifurahi sana, ndugu wasomaji, maana tuliona hoja ya kumshinda jirani imepatikana. Subirini.

Siri ya mbu ilifichuka mwaka 1897. Tarehe 20 Agosti ya mwaka huo, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko Secunderabad, India, alipasua tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa, akaona humo vijidudu vya malaria. Mwaka 1902 alipewa tuzo ya Nobel, na mwaka huohuo kampuni ya Mfereji wa Suez ikamwita Ismailia, nchini Misri, mji ambao homa ilikuwa imewashinda. Alichokifanya hakikuhitaji dawa ya ajabu. Alitafuta maji yaliyolala: madimbwi yaliyozunguka mji na mashimo ya maji machafu chini ya nyumba. Madimbwi yakafukiwa, na kikosi kidogo cha wafanyakazi kikawa kinapita nyumba hadi nyumba kila wiki kutia mafuta katika mashimo. Wagonjwa waliokuwa zaidi ya 1,500 mwaka 1902 wakashuka hadi kiasi cha 200 mwaka 1903.

Kwa nini kila wiki? Wanafunzi, hili lishikeni. Mbu hutaga juu ya maji, mayai yanakuwa viluwiluwi, kisha buu, kisha mbu mwenye mabawa. Safari hiyo huchukua kiasi cha wiki moja hadi mbili, na penye ubaridi kama kwetu huenda ikazidi. Kwa hiyo dimbwi linalokauka siku ya tatu halizai mbu hata mmoja. Linalobaki siku ya kumi ndilo adui. Ukitaka kujua una wageni gani, chota maji kwa kikombe cheupe. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, vya mbu wengine wa kawaida huning'inia kichwa chini. Sisi tulichota, na vilikuwa vimelala.

Katika Afrika Mashariki kazi kubwa ya namna hii ilifanyika Dar es Salaam na Tanga kati ya 1988 na 1996, serikali ya Tanzania ikisaidiwa na Japani. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuzibua mitaro ya zamani. Maji yakatembea. Lakini mtaro haukumbuki fadhila. Miradi ikiisha, taka zinarudi, na watu wanajenga juu yake.

Turudi kwetu. Wajerumani waliweka kituo chao hapa Kisenyi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wabelgiji wakauchukua mji mwaka 1916. Askari, makarani na wafanyabiashara waliokuja na tawala hizo, wengi wao Waislamu waliozungumza Kiswahili, waliishi katika mitaa yao, na ndiyo maana nasi tuna Majengo yetu kama ilivyo Moshi, Mombasa na kwingineko. Nyumba zilijengwa za ua, watu wakiishi kwa kugusana. Katika makazi ya namna hiyo maji ya nyumba moja hayana pa kwenda isipokuwa kwa jirani, na wazee walijua hivyo, wakaacha vijia vya maji kati ya nyumba na nyumba. Watoto wao wakajenga vyumba vya kupangisha. Wajukuu wakajenga kuta. Paa la bati likachukua nafasi ya udongo uliokuwa ukifyonza. Hebu fanyeni hesabu: paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 30 kwa saa moja, ni lita 1,800, sawa na madumu 90 ya lita 20, na yote yanashukia uani kwa wakati mmoja.

Na maji yaliyokosa njia tumeyaona kwa sura kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha magharibi, kaskazini na kusini mwa Rwanda, ikaua watu zaidi ya 130 katika nchi nzima. Hapa Rubavu mto Sebeya ulivunja kingo zake, ukaingia majumbani watu wakiwa usingizini. Sebeya unatoka katika nyanda za juu zilizokuwa na msitu wa Gishwati, msitu mkubwa ambao kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulibaki kipande kidogo tu, kwa kukatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi ya watu waliorudi baada ya 1994. Mwaka 2015 mabaki yake pamoja na ya Mukura yakafanywa hifadhi ya taifa. Ardhi iliyokuwa ikishika maji haishiki tena kama zamani. Mto huo haukupita uani kwetu, na hatuwezi kulinganisha dimbwi letu na msiba wa waliozika watoto. Tunasema tu kwamba tangu usiku ule, mvua ikianza kupiga bati, hakuna mtu wa Rubavu anayelala kama alivyokuwa akilala.

Sasa habari ya jirani. Tulipokuwa tumejiandaa na hoja zetu za haki ya masili, alikuja bibi mmoja wa mtaani, aliyezaliwa papa hapa na mjukuu wake anasoma kwetu. Alikuja kuuliza habari ya ada. Akasimama mlangoni akautazama ua, akasema, "Maalim, mtaro mmeupeleka wapi?"

Tukamwambia jirani ameuziba kwa ukuta.

"Huyu? Huyu amekuja juzi. Mtaro ulikuwa hapa," akaonyesha kwa fimbo, "tulikuwa tukiuruka tukienda kuteka maji. Ulipita hapo jikoni penu, ukazunguka parachichi, ukatokea barabarani."

Jikoni petu. Mwaka 2019 tuliongeza jiko ili kuwapikia watoto futari ya Ramadhani. Fundi aliuliza kuhusu bonde dogo lililokuwa pale, na sisi, kwa ulimi wetu, tulimwambia alijaze mawe amwage zege. Jirani alipokuja kujenga hakukuta mtaro wowote wa kuziba. Sisi tulikuwa tumeuzika kabla yake. Tuliokuwa tukisomesha kisa cha ajuza wa Aliya tulihitaji ajuza wa Majengo atuonyeshe sakafu yetu wenyewe.

Kwenda kumwomba jirani radhi kulikuwa kugumu kuliko kuchimba. Tulikwenda watatu, baada ya isha. Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Maalim, kesho nitaleta sururu." Tukanywa chai.

Kazi yenyewe tunaieleza kwa ufupi kwa faida ya wenye tatizo kama letu. Kwanza tulisubiri mvua na kutazama maji yanaingilia wapi na yanasimama wapi, tukaweka vijiti. Pili, fundi alitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama wanavyopima sakafu, akatafuta tofauti ya kimo kati ya dimbwi na barabara. Mtaro unahitaji kushuka walau sentimita moja kwa kila mita. Sisi tulikuwa na mita 23, na tulipata sentimita 31, kwa hiyo maji yangeweza kwenda. Wasiopata mteremko huo huchimba shimo la kufyonzea maji na kulijaza mawe, lakini liwe mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo, na kabla ya hapo mwaga ndoo mbili za maji katika kishimo kidogo uone ardhi inayanywa au inayakataa. Tatu, tuliweka tangi chini ya paa la darasa, kwa kuwa maji yaliyoingia tangini hayaingii uani, na tulilifunika kwa wavu ili lisiwe dimbwi jipya la mbu. Nne, na hili liliuma, tulivunja pembe ya jiko. Kibanda cha mkaa kimekwenda. Jirani naye alitoboa ukuta wake mzuri chini, akaweka vyuma vya nondo vya kushika taka.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa nani asafishe. Hapo tulirudi kwa mafaqihi wa Kimaliki, ambao mojawapo ya rai zao ni hii: nyumba ya kwanza kwa juu inasafisha peke yake hadi pale maji ya nyumba ya pili yanapoingia, kuanzia hapo wanasafisha wawili hadi kwa wa tatu, na kadhalika mpaka mwisho. Mwenye maji mengi njiani ana kazi ndefu zaidi. Majirani waliposikia walicheka, wakasema wa juu wameonewa, lakini wakakubali. Sisi ndio wa pili kutoka juu.

Masika iliyofuata maji yalikuwa yakiisha uani kabla ya alasiri. Mtaro mzima umebakiza kipande kimoja, hatua saba hivi kabla ya barabara, ambapo mwenye nyumba anaishi Goma na hajatoa jibu. Bibi yetu anasema hapo palikuwa na daraja la jiwe moja bapa, na jiwe lenyewe anadhani bado liko chini ya mchanga. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, umuganda ukimalizika, tutakwenda na masururu kulitafuta, kama mwenye kiwanja atakuwa ameturuhusu. Bibi ameomba aletewe kiti.